Hofu Hii ni ya Nani

Fremu ya mlango wa chumba cha kujifungulia ilikuwa na doa upande wa kulia, usawa wa bega la mwanamke wa kimo cha wastani. Rangi ilikuwa imechakaa pale mpaka mbao ikaonekana. Wageni walidhani ni machela iliyogonga. Wenyeji wa wodi walijua ni mkono wa Mkunga Mkuu.

Kila jambo lilipokuwa zito alifanya vilevile. Alisema, "Subiri," akaweka kiganja pale, akafumba macho. Hakukaa sana. Alikuwa kama mtu aliyesikia akiitwa kwa mbali, anayetaka kuhakikisha kwamba jina ni lake. Kisha alifumbua macho na kutoa amri, nayo ilikuwa fupi isiyo na kona. Mara nyingine alisema, "Mwacheni, anaweza." Mara nyingine alisema, "Chumba cha upasuaji, sasa hivi," na kabla neno halijaisha alikuwa ameshaishika machela yeye mwenyewe.

Kwa hiyo wakamwita Mama Subiri. Daktari wa wodi, mtu wa mzaha aliyependa kunywa chai akiwa amesimama, alikuwa akimchokoza kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Naye alimjibu bila kugeuka kuwa haraka haraka haina baraka, na kwamba matumbo ya humu ndani yalishaanza kuuma kabla daktari hajaamka. Wajawazito wenyewe walicheka, wengine katikati ya uchungu. Mzaha ule ulikuwa umezoeleka kama doa la mlangoni. Hakuna aliyedhani ingefika siku ambayo mtu asingethubutu kuutamka.

Tabia ile aliirithi kwa shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea. Shangazi alipotandika kitambaa cha mteja mezani, hakukata mara moja. Aliweka mkasi chini, akafumba macho, akanyamaza. Alisema mkasi haujui kutubu. Mpwa wake, wakati huo msichana wa kuokota vipande sakafuni, alimuuliza anaomba nini. Shangazi akamjibu, "Siombi. Naulizwa."

Jibu hilo halikumfaa kitu kwa miaka mingi. Siku shangazi alipomkatia sare yake ya kwanza ya chuo cha ukunga ndipo alipomfumbulia. Alimwambia kwamba anachoulizwa ni kimoja tu: hofu hii ni ya nani? Mkono ukitetemeka, sababu ni mbili. Ama kitambaa chenyewe kina tatizo, ama fundi anaogopa kusemwa na watu. Tatizo likiwa la kitambaa, usichelewe hata kidogo, lishughulikie. Hofu ikiwa ya fundi, iweke chini kwanza kando ya mkasi, halafu ukate kwa mkono mwepesi.

Alilichukua swali hilo akaenda nalo wodini, na kwa swali hilo akaongoza. Pale mlangoni, mkono ukiwa juu ya mbao, aliulizwa. Kama hofu ilikuwa yake, hofu ya daktari, ya ndugu waliojaa barazani, ya kulaumiwa, aliiweka chini na kumwachia mama nafasi ya kuzaa kwa amani. Kama hofu ilikuwa ya mama, au ya mtoto asiye na njia nyingine ya kuomba msaada, alikimbia. Aliyemuuliza hakumtaja kazini hata mara moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa ibada yake, na aliihesabu kama nguo ya ndani: kila mtu mwenye heshima zake anayo, na hakuna anayeianika uwanjani.

Yeye na naibu wake walitajwa pamoja siku zote, kama sufuria na kifuniko. Wafanya usafi walimpa naibu huyo jina la Kivuli. Alikuja wodini akiwa mwanafunzi, akabaki, na kwa miaka yote hiyo alitembea hatua moja nyuma ya Mkunga Mkuu, upande wa kulia. Aliifunga aproni kama yeye. Hata kikohozi chake, walisema, alikuwa amekiazima. Alimpoteza mama yake mzazi akiwa mdogo, na Mkunga Mkuu hakujaliwa binti. Walikutana hapo. Huyu alisema "Mama," yule alisema "mwanangu," na hapakuwa na aliyeona ajabu.

Siku moja, wakiwa kwenye sinki wananawa mikono, Kivuli aliuliza kile ambacho wengine hawakuthubutu.

"Mama, pale mlangoni huwa unasema nini?"

Mkunga Mkuu aliona haya kama mtu aliyefumaniwa akioga. Alizidisha sabuni.

"Najaribu kukumbuka kama nimezima jiko," akasema.

Walicheka mpaka mzazi aliyekuwa kitandani akaomba naye aambiwe. Basi yakapita. Kivuli hakuuliza tena, lakini hakuacha kutazama. Na kwa kuwa maneno alinyimwa, alichukua kilichoonekana kwa macho: mkono, kope, na kule kusubiri.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Mchana, maji yakipiga bati la hospitali, Mkurugenzi alimwita Mkunga Mkuu kwenye jengo la utawala. Mkurugenzi alikuwa mwanamama nadhifu, wa sentensi zilizonyooshwa kama shuka za hotelini. Alimkaribisha chai, akamweleza kwamba bodi imemteua awe mkuu wa wauguzi wa hospitali nzima. Walitaka utulivu wake uenee kila wodi. Mkunga Mkuu alishukuru, akanywa chai yake mpaka mwisho kwa adabu, akavuka uwanja chini ya mwavuli akiwa na tabasamu alilojaribu kulikunja. Alikuwa akifikiria kwamba wodi ataiacha mikononi mwa Kivuli, na kwamba haitapata mikono bora kuliko hiyo.

Alijua kabla hajaingia. Wodi ya wazazi ina kelele za kila namna, na sasa haikuwa na hata moja.

Aliyekuwa akijifungua alikuwa mwalimu wa chekechea, mimba yake ya kwanza. Tangu asubuhi alikuwa akiimba nyimbo za watoto wake wa darasani kila uchungu ulipopanda, hata wauguzi wakawa wanaitikia. Mchana Kivuli aliinama, akaweka sikio kwenye koni ya kusikilizia moyo wa mtoto, na akasikia mapigo yakishuka. Akasikiliza tena. Yalikuwa yameshuka kweli. Akaenda mlangoni, akaweka kiganja juu ya doa, akafumba macho. Muuguzi mwenzake alimuuliza kama amwite daktari. Kivuli akamwambia, "Subiri." Mwenzake akatii, maana neno lile katika wodi ile halikujadiliwa.

Alipofumbua macho na kuagiza daktari aitwe, daktari alikuja mbio, chai ikamwagika korido nzima. Kilichotakiwa kufanywa kilifanywa, tena vizuri, na hakikufaa kitu. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi. Hakulia.

Mkunga Mkuu alikaa na mama yule mpaka dada yake mkubwa alipofika na kumkumbatia. Ndipo alipomtafuta naibu wake. Alimkuta kwenye stoo ya mashuka, amekaa juu ya robota, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Moyo nilisikia ukishuka," Kivuli akasema. "Sikukosea kusikia, Mama."

"Halafu?"

"Nikaenda pale pako. Nikafumba macho. Nikasubiri."

"Ukasubiri nini, mwanangu?"

Kivuli alimtazama kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa jina lake.

"Kile kinachokujia wewe. Hakikuja. Nikasema labda imani yangu ni ndogo, nikaongeza kusubiri."

Mkunga Mkuu aliketi kando yake. Alitafuta la kusema, akaona kwamba alilokuwa nalo ni lile lile alilopaswa kulisema kwenye sinki. Akalisema sasa. Alimweleza habari za shangazi, za mkasi, za hofu ambazo ni mbili tu. Halikuwa jambo refu. Lilikwisha kabla mvua haijapungua.

Kivuli alilisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni swali," akasema polepole. "Mimi nilikuwa nangoja jibu."

Kisha akaongeza kwamba angeulizwa hivyo, angejua. Hofu ilikuwa ya mtoto. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua.

Hospitali iliunda kamati ya uchunguzi, kama ilivyo desturi ya hospitali. Kabla ya kikao Mkurugenzi alimwita tena Mkunga Mkuu, safari hii bila chai. Alimwambia kwamba jambo lenyewe ni rahisi, ingawa ni la kusikitisha. Naibu alichelewa kuita daktari. Atafukuzwa, na baraza la wauguzi na wakunga litamnyang'anya kibali cha ukunga. Mkunga Mkuu hakuwemo wodini, jina lake halimo, na halina sababu ya kuwemo. Asijitie kitanzi kisicho chake. Uteuzi uko palepale.

Lililomchoma zaidi ni kwamba Kivuli naye alimwomba vivyo hivyo. Alimfuata getini akamsihi asiseme neno. Yeye alikuwa ameshapotea, alisema. Sasa Mama naye akipotea, wodi itabaki na nani? Hata katika hilo alikuwa hatua moja nyuma yake, akimkinga jua.

Asubuhi ya kikao Mkunga Mkuu alikuwa akipiga pasi sare yake. Tangu siku ile alikuwa hajaweza kunyamaza kama alivyozoea pale mlangoni. Kila alipofumba macho alisikia mvua tu. Lakini pasi ilipofika kwenye mshono wa kwapa, mahali ambapo shangazi alimfundisha kwenda taratibu, aliiweka chini, na swali likaja. Lilikuja bila faraja yoyote, kama mgeni asiyebisha hodi. Hofu hii ni ya nani?

Alijibu kwamba ni ya wodi, itakayokosa kiongozi. Halikuondoka. Alijibu kwamba ni ya wanawake watakaokuja kuzaa kesho na keshokutwa. Halikuondoka. Alijibu kwamba ni ya hospitali na jina lake zuri, na hapo akajionea aibu mwenyewe. Alizunguka hivyo mpaka hakubaki mtu wa kumbandika hofu hiyo. Ilikuwa yake. Akamaliza kupiga pasi, akavaa, akaenda.

Kamati ilikaa kwenye chumba kirefu chenye feni inayolia. Upande mmoja wa meza walikaa Mkurugenzi na wanakamati, daktari akiwa mmoja wao. Upande wa pili alikaa mwalimu wa chekechea na dada yake. Mwalimu alikuwa amevaa gauni pana la mimba, kwa kuwa mengine yalikuwa bado hayamwingii, na kila mtu alijitahidi asilitazame.

Kivuli aliulizwa kwa nini alichelewa.

"Nilizembea," akasema.

Mkurugenzi aliinamisha kichwa, kama mtu aliyepokea kifurushi alichokitarajia. Alikuwa anakaribia kufunga hoja Mkunga Mkuu aliposimama akaomba ruhusa. Alisema kwamba naibu wake hakuzembea. Alisema kwamba yeye mwenyewe, kila anapotaka kuamua, hunyamaza na kuulizwa jambo, akalitaja jambo lenyewe mbele yao wote, neno kwa neno. Alisema kwamba jambo hilo aliliona ni siri ya roho yake, akalificha hata kwa mtu aliyekuwa anamrithisha kazi. Binti wa watu akabaki anaiga mkono usio na sauti.

Mkurugenzi alimkatiza kwa upole. "Mama, hapa tunazungumzia taratibu. Mambo ya rohoni ni ya mtu binafsi."

"Ndiyo taratibu yangu, Mkurugenzi," akajibu. "Kwa taratibu hiyo nimeongoza wodi ile. Nyinyi mliusifu utulivu wangu bila kuuliza unatoka wapi, na mimi nikafurahi kusifiwa. Yeye aliuliza. Nikamfanyia mzaha. Kama mnatafuta mzembe, mzembe ni mtu anayejua neno la kumwokoa mwenzake, akaona haya kulisema."

Daktari alitazama vidole vyake. Feni ililia. Kisha mwalimu wa chekechea akainua mkono kidogo, kama wanavyoinua watoto wake.

"Naomba kuuliza," akasema. Dada yake alimgusa goti, naye akautoa mkono ule bila hasira. "Huyu dada alipofumba macho pale mlangoni, nilikuwa namtazama. Nilidhani ananiombea. Mtoto alikuwa ameacha kucheza na mimi nilikuwa nasikia. Nilitaka kumwambia. Nikaona haya kukatiza maombi ya mtu. Nikanyamaza."

Akamgeukia Mkunga Mkuu.

"Sasa hilo swali lako, Mama. Hofu ni ya nani. Mbona hamkuniuliza mimi? Nilikuwa pale pale. Ningewaambia."

Mkunga Mkuu alikuwa amejiandaa kwa lawama, kwa matusi, hata kwa kofi. Hili hakujiandaa nalo. Katika miaka yote ya kuulizwa, mlangoni, mgongo ukiwa umeelekea kitandani, halikumjia hata siku moja wazo la kugeuka. Shangazi alikuwa mtu wa vitambaa, na kitambaa hakina kinywa. Mwanamke anacho.

"Sikujua kuuliza," akasema. "Nisamehe, mwanangu, ukiweza. Usipoweza, una haki."

Mwalimu hakusema ndiyo wala siyo. Dada yake alimsaidia kusimama, wakatoka, na gauni lile pana lilikwama kidogo kwenye kitasa cha mlango.

Kamati iliamua kama kamati zinavyoamua. Uteuzi wa Mkunga Mkuu ulifutwa. Cheo alipewa mkuu wa wodi nyingine, mtu mzuri tu. Kivuli alisimamishwa kazi kwa muda, kibali chake hakikuguswa, akaruhusiwa kurudi chini ya uangalizi. Mkunga Mkuu alimwendea nyumbani kwa furaha ndogo aliyokuwa nayo, akamwambia kitanda chake cha zamu kinamngoja. Kivuli alimkaribisha, akampa kiti, akamsikiliza. Kisha akamwambia kwamba hatarudi. Siyo kwa hasira. Alisema kwamba kila akiweka sikio kwenye mto anasikia moyo ukishuka, na yeye yuko mlangoni.

"Hukunifundisha vibaya, Mama," akasema. "Hukunifundisha."

Alihamia kwa kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Anauza misumari, bawaba na rangi za kuta. Anasema ni kazi nzuri, kwa kuwa hakuna kitu dukani chenye mapigo.

Mkunga Mkuu alibaki wodini. Fundi rangi alipita akapaka fremu zote upya, na doa likapotea. Hakuliweka tena. Sasa akihisi uzito huenda kitandani, huinama, humshika mama mkono na kumuuliza kwa sauti anaogopa nini na anasikia nini mwilini mwake. Anasubiri kujibiwa na mwenye tumbo. Wanafunzi amewafundisha wote, na kwa nini wafanye hivyo amewaeleza pia, shangazi na mkasi na yote. Baadhi wameelewa. Wengine huuliza huku wakitazama dirishani, na hao huwarudisha kitandani wakaulize upya. Daktari siku hizi hunywa chai yake akiwa ameketi, na ile methali ya matumbo hajaitamka tena.

Asubuhi moja mama mmoja wa makamo, mimba yake ya nne, alimshika Mkunga Mkuu kifundo cha mkono kwa nguvu na kusema kwamba mtoto huyu si kama wenzake, kuna kitu. Koni ilikuwa haijaonyesha lolote. Mkunga Mkuu hakusema subiri. Aliita machela, akaisukuma mwenyewe mpaka chumba cha upasuaji, na baada ya muda mtoto wa kiume alitolewa akiwa na kitovu kimezungushwa shingoni kama skafu, akalia kwa ghadhabu ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Wauguzi wakashusha pumzi, wakacheka.

Mama alipopata fahamu na kurudishwa wodini, Mkunga Mkuu alimwekea mtoto kifuani. Kisha, bila kufikiri, aligeuka nyuma, upande wa kulia, hatua moja, mdomo ukiwa umeshafunguka kusema, "Umeona, mwanangu?" Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta na fremu ya mlango iliyopakwa rangi mpya.

"Unamtafuta nani?" akauliza mzazi.

Lile jibu la jiko lilimjia hadi ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Mwanangu," akasema. "Alikuwa akisimama hapo."

"Yuko wapi?"

"Anauza misumari."

Mzazi alicheka, akidhani ni utani, na kucheka kukamuumiza mshono, akacheka tena. Mkunga Mkuu alimwacha acheke. Mtu aliyetoka kuzaa salama ana haki hiyo. Akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akanawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi.